Herufi na Maana: Historia ya Utani wa Watu wa Mashine

Mashine hufuata herufi, binadamu hufuata maana. Mwambie jirani "nipe ile kitu ya jana", naye atajua unataka nini hata kama ngeli umezivuruga. Iandikie kompyuta amri yenye nukta moja pungufu, itagoma kabisa, au itafanya jambo usilolitaka na kukuapia kwamba ndilo ulilosema. Katikati ya herufi na maana pana ufa, na katika ufa huo ndipo ulipozaliwa utani wa waandishi wa programu: utani juu ya sintaksia, juu ya lugha ya kila siku iliyolazimishwa kuwa amri, na juu ya programu zenye dosari.

Kwa kawaida historia ya utani huo husimuliwa kana kwamba yote yalitokea Marekani. Lakini ufa huo huo ulifunguka mapema kwenye ukanda wa shaba wa Lualaba, sehemu ya Katanga ya zamani nchini Kongo, kabla kompyuta hazijabuniwa, na ulifunguka tena mwaka 2018 mbele ya macho ya wapiga kura wa Kongo nzima. Ukizisoma historia hizo mbili pamoja, unaona kwamba anayeicheka mashine mara nyingi ndiye aliyeiona dosari yake kwanza.

Lugha ya amri, 1906–1937

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911 huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Madini yalikuwepo, mtaji ulikuwepo, reli ilikuwa imefika. Watu ndio waliokosekana. Wafanyakazi wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kisha Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi, kila mmoja na lugha ya mama yake. Wasimamizi wao nao walikuwa mchanganyiko: Wabelgiji wa Kifaransa na wa Kiflemi, Waingereza, na wazungu wa Afrika Kusini.

Wakuu wa Kibelgiji walianza kuingiwa na hofu. Kiingereza kilisikika mno migodini, na pamoja nacho ushawishi wa Uingereza kutoka upande wa pili wa mpaka. Ilitakiwa lugha ya kazi isiyotoka kusini. Kiswahili kilikuwa tayari kinajulikana Katanga tangu enzi za misafara na za utawala wa Msiri kule Bunkeya, kwa hiyo kikapewa nafasi hiyo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya utafiti Kolwezi na Musonoi, aliieleza hoja hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1986, Language and Colonial Power.

Vitabu vidogo vya maneno vikachapishwa ili msimamizi mgeni aweze kuongoza kazi. Vilijaa vitenzi vya kuamuru, maneno ya aina ya leta, beba, ngoja, fanya upesi. Salamu zilikuwa chache. Swali la "kwa nini" halikuhitajika, wala jibu lake. Kilichobaki kilikuwa Kiswahili kilichochunwa nyama: kitenzi mbele, kitu nyuma, basi. Mwandishi wa programu wa leo angekitambua mara moja, kwa kuwa ndivyo lugha nyingi za kompyuta zinavyoandikwa. Anayeamuru huandika, anayeamriwa hutekeleza, na kutoelewana huhesabiwa kuwa kosa la mtekelezaji.

Lakini watu hawakukubali kuishi ndani ya kamusi ya watu wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera na kuanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na watoto. Hilo ndilo lililokuwa badiliko kubwa. Mtoto hakuzi lugha yake kwa amri. Kiswahili kikaingia jikoni, uwanjani na kanisani, kikachukua sauti za Kiluba na Kibemba, kikaacha "watu" kikasema "batu", kikapata methali, matusi na mizaha. Sehemu nyingi za Kongo watu waliwabandika wazungu majina ya utani yaliyowahukumu bila wao kujua. Mwanahistoria Osumaka Likaka aliyakusanya na kuyachambua majina hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2009. Mji wa Kolwezi ulipoanzishwa mwaka 1937, lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya kutii ilikuwa imeshajifunza kucheka.

Umeme wa Nzilo, nondo wa Harvard, 1947–1960

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mto Lualaba ulizibwa kwenye korongo la Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi. Wabelgiji waliliita bwawa hilo Delcommune. Leo linaitwa Nzilo, na kituo chake kina uwezo wa megawati 108. Umeme ulikwenda viwandani, na Kolwezi ikakua haraka. Mwaka 1953, katika mji huo huo, padre Mfransisko Placide Tempels na wafanyakazi wa migodi na wake zao walianza kundi la kiroho lililokuja kuitwa Jamaa. Mafundisho yao yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Lugha ya "leta" na "beba" ilikuwa sasa inajadili asili ya maisha.

Miaka hiyo hiyo, Marekani, mashine nazo zilianza kufundishwa lugha ya watu. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi ya umeme. Wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu na kuandika pembeni kwamba hii ni mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana. Neno mdudu, kwa maana ya hitilafu ya mtambo, lilikuwa limetumika kwa miongo mingi. Thomas Edison alilitumia katika karne ya 19. Nondo hakuleta neno. Alichekesha kwa sababu mafumbo yaligeuka ukweli, na mafundi waliochoka wakaona hiyo ni habari ya kuhifadhiwa.

Miongoni mwa watu wa maabara ile alikuwa Grace Hopper, mwanahisabati na ofisa wa jeshi la majini. Mwaka 1952 alitengeneza A-0, mojawapo ya kompaila za kwanza, yaani programu inayotafsiri maandishi ya binadamu kuwa hatua za mashine. Kisha akataka kwenda mbali zaidi: watu wa biashara waandike kwa maneno ya kawaida badala ya alama za hesabu. Hopper alisimulia baadaye kwamba aliwaonyesha wakuu wake programu ile ile ikifanya kazi kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Kwa mashine hapakuwa na tofauti, ni kubadilisha maneno tu. Wakuu walishtuka. Kompyuta iliyotengenezwa Marekani itaelewaje Kijerumani? Walipenda mashine iseme lugha ya watu, mradi watu wenyewe wawe wao.

Hivyo lugha za programu zikabaki na maneno ya Kiingereza, na utani wake ukafuata. FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 chini ya John Backus, ilikuwa na kanuni ya ajabu: jina linaloanza na herufi kuanzia I hadi N linahesabiwa kuwa namba kamili, na jina linaloanza na herufi nyingine yoyote ni namba halisi, yenye desimali, isipokuwa, katika matoleo ya baadaye, mwandishi atangaze vingine. Mungu kwa Kiingereza huanza na G. Basi waandishi wa programu wakafanya teolojia yao: Mungu ni halisi, isipokuwa atangazwe kuwa namba kamili.

Mswahili akiijaribu kanuni hiyo anapata matokeo mengine. MUNGU huanza na M, kwa hiyo ni kamili bila kutangazwa na yeyote. NZILO pia ni kamili. SHABA ndiyo yenye desimali, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupimiwa mzigo wake wa mawe na mnunuzi wa Kolwezi hatalibishia.

COBOL, lugha ya kibiashara iliyotokana na kazi ya Hopper, ilibuniwa na kamati kati ya mwaka 1959 na 1960. Kamati ilivutana hadi mmoja wa wanachama, Howard Bromberg, akaenda kununua jiwe la kaburi, akalichongesha jina COBOL, na kumtumia Charles Phillips wa Wizara ya Ulinzi aliyeisimamia kazi hiyo. Marehemu huyo alikataa kufa. Kwa miongo mingi baadaye, mishahara na akaunti za benki za mataifa makubwa ziliendelea kupita mikononi mwake.

Adabu kwa mashine, 1962–1973

Tarehe 22 Julai 1962 Marekani ilirusha chombo cha anga Mariner 1 kuelekea sayari ya Zuhura. Kabla ya dakika tano kupita, kilipotea njia na kulazimika kulipuliwa. Uchunguzi uliangukia, pamoja na mambo mengine, kwenye alama moja iliyoachwa wakati maelekezo ya hesabu yakinakiliwa kuwa programu: kistari cha juu ya herufi. Mwandishi Arthur C. Clarke alikiita kistari ghali kuliko vyote katika historia. Watu wa kawaida walicheka; waandishi wa programu walicheka huku wakiangalia upya karatasi zao.

Programu zilikuwa zimekuwa ndefu kuliko akili ya mtu mmoja, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu walianza kugombana juu ya mtindo wa kuziandika. Mwaka 1968 Edsger Dijkstra, Mholanzi, alichapisha barua fupi akilaani amri ya GO TO, inayoiruhusu programu kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine hadi msomaji apoteze uzi. Ubishi ukawaka kama wa madhehebu. Mwaka 1973 R. Lawrence Clark aliujibu kwa mzaha katika jarida la Datamation: ikiwa "nenda kule" ni dhambi, basi tutumie "toka kule", COME FROM. Mstari wenyewe ndio utangaze kwamba unaiteka programu kutoka mahali pengine, na anayesoma pale pengine asijue kilichomkuta. Mzaha ulifanya kazi iliyowashinda wengi katika ubishi wa hoja: ulionyesha kwamba tatizo si amri moja, ni msomaji kunyimwa njia ya kufuata.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 26 Mei 1972, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Don Woods na James Lyon, walikuwa wamemaliza mtihani. Asubuhi hiyo wakabuni INTERCAL, lugha ya programu iliyokusudiwa kutofanana na lugha nyingine yoyote. Majibu yake huyatoa kwa tarakimu za Kirumi. Jambo lililoipa sifa kubwa, hata hivyo, ni adabu. Baadhi ya amri lazima zitanguliwe na PLEASE, yaani tafadhali. Ukilisahau neno hilo mno, kompaila hukataa kazi yako kwa sababu huna heshima. Ukilizidisha, hukataa kwa sababu unajipendekeza. Kipimo chenyewe hakikuandikwa kwenye mwongozo.

Kila aliyekulia katika jamii ya Kiswahili anaijua hali hiyo. Shikamoo ikikosekana ni ufidhuli. Ikitolewa mara tatu mfululizo kwa mtu yule yule, ni kejeli. Na hakuna mwongozo unaoitaja idadi sahihi. Woods na Lyon waliichukua sheria isiyoandikwa ya binadamu wakaitia ndani ya mashine isiyojua ila yaliyoandikwa, na mashine ikaonekana jinsi ilivyo: karani asiye na hatia anayetesa watu. Toleo la baadaye liliongeza uwezo wa kusoma namba kwa lugha zaidi ya Kiingereza, zikiwemo Kisanskriti, Kibasque, Kitagalogi na Kijojia. Kiswahili hakikupata nafasi hata kwenye utani huo.

Kifungu cha 15, 1960–1993

Kongo nayo ilikuwa ikitunga utani wake wa sheria na herufi. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, Kasai Kusini ilijitenga chini ya Albert Kalonji. Inasimuliwa kwamba watu walipomlilia mahitaji yao waliambiwa wajitegemee, na msemo ukazaliwa: kifungu cha 15 cha katiba, jitafutieni. Msemo ulienea nchi nzima na kuizidi umri katiba yenyewe. Mwalimu asiye na mshahara, dereva asiye na vipuri, mama anayeuza unga barabarani, wote walikuwa chini ya kifungu cha 15. Ulikuwa utani wa sintaksia hasa: uliiga umbo la sheria, namba na yote, ukajaza ndani yake ukweli ambao sheria haikuuandika.

Huko Katanga mabadiliko yalikuwa mazito. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na baadaye shirika likaitwa Gécamines. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, kisha raia wakatakiwa kuacha majina ya Kizungu. Mwaka 1978 Kolwezi ilivamiwa na kupigwa vita. Hata hivyo katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inazalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto uliporomoka. Hadi mwaka 1993 uzalishaji wote ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000.

Kabla ya anguko hilo, mwaka 1986, kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi lilitengeneza mchezo uliorekodiwa kwa televisheni. Walianzia kwenye methali isemayo kwamba mamlaka huliwa nzima, na Fabian, aliyekuwepo, akauandikia kitabu. Kundi hilo lilichekesha kwa Kiswahili cha Katanga, kile kile ambacho miaka 60 nyuma kilikuwa orodha ya amri. Sasa wachezaji walikitumia kuonyesha kwamba mtawala anapokula, hagawi. Udikteta wa Rais Mobutu uliweza kuyazima magazeti, lakini mzaha wa jukwaani ulikuwa na njia ya kupita: kila mtazamaji aliongeza maana aliyoijua mwenyewe, na herufi zenyewe hazikuwa na kosa.

Mwanaisimu ambaye hakufika Afrika, 1987–2000

Larry Wall na mkewe walisomea isimu huko Berkeley, California, wakiwa na nia ya kwenda kuishi na jamii ambayo lugha yake haijaandikwa, pengine barani Afrika, na kuitungia maandishi. Sababu za afya zilizuia safari. Wall akawa mwandishi wa programu, na Desemba 1987 akatoa lugha yake mwenyewe, Perl.

Perl ilibeba mawazo ya mwanaisimu. Kwa nini kuwe na njia moja tu ya kusema jambo, wakati hakuna lugha ya binadamu iliyo hivyo? Ikaruhusu kusema "fanya hili kama" na pia "fanya hili isipokuwa". Ikawa na amri ya kufa na amri ya kubariki. Watu wakaanza kuandika mashairi ambayo ni programu halali. Wapinzani wake nao wakajibu kwamba programu ya Perl haitofautiki na kelele za laini mbovu ya simu. Pande zote mbili zilisema kweli. Lugha inayovumilia mitindo mingi humfurahisha anayeandika na humtesa anayesoma, na hivyo ndivyo lugha zetu zilivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 PHP, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, iliandikwa upya na Waisraeli wawili, Andi Gutmans na Zeev Suraski. Alama ya nukta pacha mbili waliipa jina la Kiebrania, paamayim nekudotayim. Kwa miaka mingi, mtu aliyeikosea alama hiyo, awe Nairobi au Toronto, alipokea ujumbe wa hitilafu wenye maneno hayo na kudhani kompyuta imepagawa. Wengi walilalamika kwamba ujumbe uwe kwa lugha inayoeleweka. Angalau mara moja, wasemaji wa Kiingereza walipewa kuonja kile ambacho mtu wa Kolwezi hukionja kila anapofungua kompyuta.

Siku ya yenga, 2004–2015

Juhudi za kuiingiza lugha yetu kwenye mashine zilipata sura mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi. Mwaka 2009 tafsiri ya Google iliongeza Kiswahili. Hicho kilikuwa Kiswahili sanifu, chenye mizizi Unguja na ofisi Dar es Salaam.

Kiswahili cha Kongo kilipata mlango wake mwembamba katika miaka ya 2010, ndani ya hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa na taasisi ya Unicode na kutumiwa na simu na kompyuta karibu zote kuandika tarehe, siku na namba. Kilipewa msimbo wake, swc. Miezi iliandikwa kama inavyotamkwa: mwezi ya kwanja, mwezi ya ine, mwezi ya tanu, mwezi ya munane. Mwalimu wa sarufi wa Tanga angetoa kalamu nyekundu. Siku nazo zilianzia na siku ya yenga, yaani Jumapili, zikafuata siku ya kwanza, siku ya pili, hadi siku ya sita.

Hapa pana kichekesho ambacho waandishi wa programu wa Kiswahili wanastahili kukijua. Kompyuta zilizorithi kawaida za lugha ya C, na baadaye JavaScript, huihesabu Jumapili kuwa siku namba 0, Jumatatu 1, Jumanne 2, hadi Jumamosi 6. Mtu wa pwani akiandika programu yake anajikuta Jumatatu ni 1 na Jumapili ni 0, majina yote yamemsaliti. Mtu wa Kolwezi hana tabu: siku ya kwanza ni 1, siku ya pili ni 2, na yenga ni siku ya kupumzika, yaani sufuri. Kiswahili kilichoambiwa kila mara kwamba kimeharibika ndicho kinachopatana na mashine.

Baadaye msimbo wa swc ulikunjwa na kuwekwa chini ya Kiswahili cha jumla, kama tawi la nchi moja. Kiutaratibu ni jambo dogo. Kihistoria ni marudio: mtu aliye mbali huamua kwamba tofauti za wenyewe kwa wenyewe hazina uzito.

Herufi moja, 2017–2019

Mkoa wa Lualaba ulizaliwa mwaka 2015, Kolwezi ikiwa makao makuu. Miaka miwili baadaye tume ya uchaguzi ya Kongo, chini ya Corneille Nangaa, ilitangaza mpango wa kutumia mashine za kupigia kura zilizotengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Hoja ya tume ilikuwa na msingi. Viti vya bunge ni 500, na wagombea wake walizidi 15,000. Mwaka 2011 karatasi za kura za baadhi ya majimbo zilikuwa na kurasa nyingi mithili ya gazeti. Mashine ingeonyesha picha kwenye kioo, mpiga kura angegusa, karatasi moja ingechapishwa, naye angeitumbukiza kwenye sanduku.

Zililetwa zaidi ya mashine 100,000 katika nchi ambayo vijiji vingi havina umeme na wapiga kura wengi hawajawahi kugusa kioo cha namna hiyo. Februari 2018 Marekani ilionya katika Umoja wa Mataifa juu ya hatari yake. Tume ya uchaguzi ya Korea Kusini yenyewe ilijitenga na mpango huo. Wataalamu wakaandika ripoti ndefu.

Umma wa Kongo ukatumia herufi moja. Kwa Kifaransa mashine iliitwa machine à voter, mashine ya kupigia kura. Watu wakaitoa t, wakaweka l: machine à voler, mashine ya kuiba. Hakuna ripoti iliyosambaa kwa kasi hiyo. Jina lilitamkwa na wapinzani mikutanoni, na tume ikajikuta inatumia mwaka mzima kujibu mzaha. Kiswahili kina mlango wake pia, tena mwepesi kwa watu wa bara wanaopishanisha r na l: mashine ya kura, mashine ya kula. Methali ya Mufwankolo juu ya mamlaka yanayoliwa nzima ilikuwa imepata mtambo.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2018 ghala la tume mjini Kinshasa liliungua pamoja na maelfu ya mashine. Uchaguzi ulisogezwa kutoka tarehe 23 hadi tarehe 30 Desemba. Huko Beni, ambako kura iliahirishwa hadi Machi kwa sababu zilizotajwa kuwa ebola na usalama, wananchi walijipanga mistari na kupiga kura yao wenyewe ya mfano, kwa karatasi, bila mashine. Tarehe 31 Desemba intaneti ilikatwa nchini kote kwa karibu wiki tatu. Tarehe 10 Januari 2019 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, lilisema matokeo hayo hayalingani na data zake.

Mzaha wa herufi moja haukuthibitisha wizi, wala hiyo haikuwa kazi yake. Ulifanya kile ambacho mzaha wa COME FROM ulifanya mwaka 1973: ulitaja mahali ambapo msomaji amenyimwa njia ya kufuata. Mpiga kura aliona kioo na karatasi. Kilichopita kati ya hapo na tangazo la Januari hakukiona.

Betri za Lualaba, 2023 na baadaye

Katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, chini ya Denis Kadima, kifaa kilikuwa na jina jipya, DEV, kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kifaa cha kielektroniki cha kura. Jina lilibadilika, shida zikabaki. Vituo vingi vilichelewa kufunguliwa, sehemu nyingine kura ziliendelea kwa siku kadhaa, na waangalizi waliripoti mashine zilizokwama au zilizoishiwa betri. Hayo yalitokea katika nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini ya kutengenezea betri, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Lualaba. Mtunzi wa vichekesho angeogopa kuandika hivyo. Tarehe 5 Januari 2024 tume ilifuta kura za wagombea 82. Miongoni mwa sababu ilikuwa watu kumiliki mashine za kura kinyume cha sheria. Neno la mzaha la mwaka 2018 likawa limeingia kwenye uamuzi rasmi, kwa maneno ya heshima zaidi.

Historia hii ina hukumu moja. Tangu vitabu vya amri vya Union Minière hadi kioo cha Miru, wanaotengeneza lugha ya mashine wameweka mzigo wa kueleweka juu ya anayeamriwa. Kila mara, anayeamriwa amejibu kwa utani, na kila mara utani huo umegusa mahali penye dosari kabla ya wataalamu kufika. Wanaoandika programu za benki za simu, za hospitali na za kura kwa ajili ya Kongo wauchukue mzaha wa watumiaji kama taarifa ya hitilafu, waufanyie kazi. Na vijana wa Kolwezi na Lubumbashi wanaojifunza kuandika programu wasisubiri ruhusa ya mtu: waandike ujumbe wao wa hitilafu kwa Kiswahili wanachokisema nyumbani, mwezi ya kwanja na yenga vikiwemo. Hicho ndicho Kiswahili ambacho mama zao watakisoma na kukielewa.